Habari za Birika la Ubatizo la Deerhurst

Watu wafanyapo Yubile huhesabu miaka, na kuyataja majina ya waliotangulia. Ni vema kufanya hivyo. Lakini viko na vitu visivyo na kinywa ambavyo vimeyaona mengi kuliko wazee wote, nasi tumeona yafaa katika kitabu hiki kueleza habari za kitu kimoja cha namna hiyo. Ni jiwe. Limo katika kanisa la kijiji kidogo huko Uingereza, nalo ni birika la ubatizo, umri wake wapata miaka elfu na mia moja na zaidi. Katika miaka hiyo limeheshimiwa, tena limetupwa. Bakuli lake likatengwa na mguu wake, likafanywa hori la shambani. Kisha likarudishwa mahali pake, na hata leo limo kanisani. Msomaji atuvumilie, maana habari hizi, ingawa ni za mbali, zina neno kwetu.

Kijiji na kanisa lake

Kijiji hicho chaitwa Deerhurst, maana yake msitu wa kulungu. Kipo katika jimbo la Gloucestershire, upande wa mashariki wa mto Severn, karibu na mji wa Tewkesbury. Mto huo ni mkubwa, nao hufurika mara kwa mara na kuyafunika mashamba. Mwaka wa 2007 maji yaliuzunguka mji wa Tewkesbury hata ukawa kama kisiwa. Waliokaa kando ya Rufiji au Tana wayajua maisha ya watu wa namna hiyo, jinsi mto ulivyo baba na adui pamoja.

Kanisa la Deerhurst, lililowekwa kwa jina la Maria Mtakatifu, ni katika makanisa ya kale sana ya Uingereza yaliyosimama mpaka leo. Mwaka wa 804 palikuwa pamekwisha kuwa na nyumba ya watawa hapo, kwa maana katika mwaka huo mtu mkubwa jina lake Æthelric, mwana wa Æthelmund, alitoa mashamba kuwa mali ya nyumba hiyo. Hapo ndipo alipoanza utawa kijana Alphege, ambaye baadaye alifanywa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwaka wa 1011 Wadeni waliuteka mji wa Canterbury, wakamchukua mateka, wakataka fedha nyingi ili wamwachilie. Naye akakataza watu wasitoe kitu kwa ajili yake. Basi katika karamu yao wakampiga kwa mifupa ya ng'ombe, na mwisho mmoja akampiga shoka kichwani, akafa pale Greenwich tarehe 19 Aprili 1012. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1016, karibu na Deerhurst hiyo hiyo, wafalme wawili waliokuwa wakipigana, Edmund wa Waingereza na Cnut wa Wadeni, walikutana katika kisiwa cha mto, wakapatana na kugawana nchi.

Twayataja haya ili msomaji ajue ya kuwa jiwe letu halikuwekwa mahali pa amani ya daima. Liliwekwa penye mto unaofurika na njia ya majeshi.

Walibatizwa kwanza mitoni

Hapo mwanzo Waingereza hawakuwa na mabirika ya mawe. Augustino na wenzake, waliotumwa na Papa Gregorio kutoka Rumi, walifika katika nchi ya Kent mwaka wa 597. Mtawa Bede, aliyemaliza kitabu chake cha historia ya Kanisa la Waingereza mwaka wa 731, aeleza habari za Paulino, mmoja wa wamisionari wa baadaye kidogo. Paulino alimbatiza mfalme Edwin mjini York siku ya Pasaka ya mwaka wa 627, katika kanisa la mbao lililojengwa kwa haraka. Kisha akaenda mahali paitwapo Yeavering, akakaa siku 36, kazi yake toka asubuhi hata jioni ni kuwafundisha watu na kuwabatiza katika mto Glen. Bede atoa sababu yake: Kanisa lilikuwa changa, wala hazijaweza kujengwa nyumba za sala wala mahali pa kubatizia.

Sisi hatuna haja ya mfasiri wa kutueleza jambo hili. Nchi nyingi za Afrika ya Mashariki, Wakristo wa kwanza walibatizwa mtoni au ziwani, au kwa maji yaliyotekwa kwa mtungi chini ya mti. Hakuna aliyesema ya kuwa ubatizo wao ulipungua kitu.

Walakini Kanisa likikaa katika nchi, wazaliwa nao huzidi, na mambo huhitaji utaratibu. Mfalme Ine wa Wessex, aliyetawala tangu mwaka wa 688, aliweka sheria ya kwamba kila mtoto abatizwe katika siku 30 baada ya kuzaliwa. Isipofanyika hivyo, mkosaji alipe shilingi 30. Na mtoto akifa kabla ya kubatizwa, basi alipe kwa mali yake yote. Ni sheria nzito. Twaweza kupima kwayo jinsi watu wale walivyouhesabu ubatizo. Tena mwaka wa 816 maaskofu walikutana katika baraza pale Chelsea, wakaagiza ya kwamba makasisi wasiwamiminie watoto maji kichwani tu, bali wawazamishe katika birika. Kwa hiyo palihitajiwa chombo kikubwa chenye kina, kisichovuja wala kuoza, na chombo hicho hakina budi kukaa kanisani siku zote. Katika karne hiyo hiyo ya tisa ndipo lilipochongwa birika la Deerhurst.

Namna lilivyochongwa

Birika hili lina sehemu mbili, bakuli juu na mguu chini. Bakuli ni la mviringo, kubwa, na kuta zake zimejaa nakshi. Ukilitazama utaona kwanza mizunguko, miwili miwili, inayojikunja ndani kama gamba la konokono, kisha ikafunguka na kushikana na mwenzake, hata jicho haliwezi kusema huu umeanza hapa na ule umekwisha pale. Juu na chini ya mizunguko hiyo pamechongwa mikanda ya mzabibu wenye matawi yanayopanda na kushuka.

Ni nakshi mbili, na kila moja ina ukoo wake. Mzabibu ulitoka mbali, katika nchi za Rumi na Mashariki, nao ulikuja pamoja na Injili. Kila Mkristo aufahamu, kwa maana katika sura ya 15 ya Yohana Bwana ajiita mzabibu, na sisi matawi. Lakini ile mizunguko haikuja na Augustino. Ni kazi ya wenyeji. Mababu wa visiwa vile waliitia katika ngao zao, na vioo vyao vya shaba, na mapambo ya farasi, kabla ya kulisikia jina la Kristo. Walipoamini, watawa wa Ireland na Uingereza waliichukua nakshi ile ile, wakaitia katika kurasa za vitabu vya Injili walivyovinakili kwa mkono, na mafundi wakaitia katika misalaba ya mawe. Na hapa Deerhurst fundi mmoja, ambaye jina lake Mungu analijua, aliichonga katika chombo cha ubatizo, mahali ambapo mtu huingia katika uzima mpya.

Neno hili twalitaka lisomwe polepole. Mwaka wa 601 Papa Gregorio aliandika barua kwa Mellito, aliyekuwa akienda kumsaidia Augustino. Akamwambia ya kuwa nyumba za miungu ya Waingereza zisibomolewe. Sanamu zilizomo ziharibiwe. Lakini nyumba zenyewe, kama zimejengwa vema, zinyunyizwe maji ya baraka na kuwekwa madhabahu, ili watu waje kumwabudu Mungu wa kweli mahali walipopazoea. Gregorio alijua ya kuwa apandaye mlima huenda hatua kwa hatua, wala haruki. Fundi wa Deerhurst, aliyefanya kazi baada ya miaka mia mbili na zaidi, alifuata njia ile ile kwa patasi yake. Hakuona ya kuwa imempasa kuutupa mkono wa baba zake ili apate kuwa Mkristo. Aliuleta mkono huo kanisani, akautia kazini. Basi wako katikati yetu wanaouliza kama ngoma, au nakshi za milango na vinyago, au mkeka uliosukwa kwa rangi za nyumbani, vyafaa kuingia katika nyumba ya Mungu. Wala si swali dogo, maana viko vitu vya zamani vilivyofungamana na matambiko, na wazee wetu katika imani waliogopa kwa haki. Lakini jiwe la Deerhurst lina jibu lake: mizunguko ya mababu na mzabibu wa Injili vimekaa katika bakuli moja miaka elfu na zaidi, wala kimoja hakikumfukuza mwenziwe.

Kufuli juu ya maji

Zamani hizo maji ya ubatizo yalibarikiwa hasa katika mkesha wa Pasaka na wa Pentekoste, kisha yakawekwa birikani muda mrefu. Ikawa watu wengine huja kwa siri na kuyaiba, wayatumie kwa uchawi. Kwa sababu hiyo Edmund wa Abingdon, Askofu Mkuu wa Canterbury, katika amri za mwaka wa 1236, aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli. Hata leo katika makanisa mengi ya vijijini ya Uingereza mtu akipitisha kidole juu ya ukingo wa birika la kale ataona matundu, au vipande vya chuma, palipokuwa pameshikwa kifuniko. Haya twayasema kwa ajili ya wale wanaodhani ya kuwa uganga na uchawi ni ugonjwa wa Waafrika peke yao. Kila taifa lilikuwa nao, na kila Kanisa limelazimika kushindana nao kwa mafundisho ya saburi.

Jinsi lilivyotoka kanisani

Katika karne ya kumi na sita yalikuja mageuzi makubwa katika Kanisa la Uingereza. Nyumba za watawa zilifungwa. Deerhurst ilikuwa imewekwa chini ya watawa wa Tewkesbury, nao waliitoa nyumba yao mikononi mwa mfalme mwezi wa Januari mwaka wa 1540. Mageuzi hayo hayakuleta hasara tupu. Mwaka wa 1538 serikali ya mfalme iliagiza kila kanisa la mtaa liwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na maziko, na vitabu hivyo vimewafaa Waingereza mpaka leo.

Juu ya mabirika palitokea ugomvi. Wako waliosema ya kuwa bakuli la kawaida lawekwa mezani, latosha, na mawe ya kale ni mabaki ya ushirikina. Wakubwa wa Kanisa hawakukubali. Mwaka wa 1561 ilitoka amri ya malkia ya kwamba birika lisiondolewe mahali pake. Na katika kanuni za mwaka wa 1604 iliandikwa ya kwamba kila kanisa liwe na birika la jiwe. Lakini vilipokuja vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge likashinda, na mwaka wa 1645 ukawekwa utaratibu mpya wa ibada uliokataza kubatiza mahali pa mabirika ya zamani. Hapo mengi yalitolewa nje. Alama ya fikira za watu wa karne ile yaonekana Deerhurst penyewe mpaka leo, maana kule mbele viti vya mbao vimezunguka meza ya Bwana pande tatu, ili watu wakae kama wakaavyo chakulani. Mfalme aliporudi mwaka wa 1660, makanisa mengi yalirudisha mabirika yao au kuchonga mapya. Mengine hayakurudi. Na hata baadaye, katika siku za amani, yako yaliyotolewa kwa sababu tu watu waliyaona ya kizamani, wakatamani kitu kipya.

Birika la Deerhurst nalo lilitoka. Bakuli lilikwenda njia yake, na mguu ukaenda njia yake. Bakuli lilifika katika ua wa shamba, likawa hori. Wakulima wale hawakuwa waovu. Walihitaji chombo cha maji, na jiwe lililochimbwa ndani ni chombo kizuri. Mguu ulilala katika bustani, karibu na mto. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia maana ya vitu hivyo, kwa kuwa waliojua walikwisha kufa, wala hawakuwaambia watoto wao. Tena si jiwe hili peke yake lililopatwa na jambo hilo. Hatua chache tu kutoka kanisani Deerhurst palikuwa na kanisa jingine dogo, ambalo mkubwa mmoja jina lake Odda alilijenga kwa ajili ya roho ya ndugu yake, nalo liliwekwa wakfu mwaka wa 1056. Kanisa hilo lilikuja kuunganishwa na nyumba ya mkulima hata likasahauliwa kabisa. Watu walikaa ndani yake wasijue ya kuwa wamo kanisani. Halikutambuliwa mpaka mwaka wa 1885.

Kuonekana kwake

Katika miaka ya 1840 bakuli liligunduliwa pale shambani, likachukuliwa mpaka kanisa la Longdon, ng'ambo ya Severn, likawekwa humo kwa heshima. Hivyo likawa tena chombo cha ubatizo, lakini ugenini. Yapata miaka ishirini na mitano ikapita. Ndipo mguu nao ukaonekana katika bustani, na bibi mmoja wa nyumba kubwa ya Apperley, jirani na Deerhurst, akautazama. Wengine wangaliona jiwe kuukuu tu. Yeye aliziona nakshi, akakumbuka ya kuwa amepata kuziona nyingine kama hizo, akatambua ya kuwa mguu huu na bakuli la Longdon vyapasa kukaa pamoja. Watu wa Longdon walipewa birika jipya badala ya lile, na karibu na mwaka wa 1870 jiwe la kale likarudi Deerhurst, bakuli likawekwa juu ya mguu. Wataalamu wa siku hizi walihesabu kuwa miongoni mwa mabirika mazuri kupita yote yaliyobaki ya zamani za Wasaksoni, kabla Wanormani hawajaja mwaka wa 1066.

Neno kwetu

Msomaji mwenye busara ataweza kutuuliza: Miaka ile yote jiwe lilipokuwa hori, watoto wa Deerhurst hawakubatizwa? Walibatizwa. Maji yalikuwapo, na jina la Mungu lilitajwa, na neema haikungoja patasi ya fundi. Twalikiri jambo hili kwanza, ili mtu asidhani tunafundisha kuabudu mawe. Waliotoa mabirika mwaka wa 1645 walikuwa na neno moja la kweli mkononi, ya kuwa chombo si mwokozi.

Lakini hasara ilikuwapo. Mama aliyemleta mtoto wake kwenye bakuli la mezani hakuweza kumwambia, Hapa alibatizwa babu yako, na babu wa babu yako. Kijiji kilikatwa na wafu wake. Mtu aliyekatwa hivyo huwa mwepesi kuamini ya kuwa imani ni kitu cha jana, kilicholetwa na wageni na kitakachoondoka nao. Birika la kale humwambia kinyume chake bila kufungua kinywa.

Sisi hatuna jiwe la miaka elfu. Vyombo vyetu vya kwanza vilikuwa vya namna nyingine: beseni la bati, mtungi, msalaba wa mti uliokatwa na seremala wa kijiji, kipande cha reli kilichopigwa badala ya kengele. Vingi vimekwisha kupotea. Vitabu vya ubatizo vya miaka ya mwanzo vimeliwa na mchwa katika mitaa mingine, na kurasa zake nyingine zimechukuliwa kufungia chumvi. Majina ya watu wa kwanza waliopokea imani, na ya mabibi waliowafundisha wenzao kusoma usiku kwa mwanga wa moto, yamo katika vichwa vya wazee wachache, nao wanatutoka mmoja mmoja. Waliotupa vitu hivyo hawakuwa waovu, kama wakulima wa Deerhurst hawakuwa waovu. Hawakuambiwa maana yake.

Basi twawasihi waalimu na wazee wa kila mtaa wafanye mambo matatu katika mwaka huu wa Yubile. Kwanza, kitabu cha ubatizo kitiwe katika sanduku la bati lenye kufuli, na majina ya miaka ya kwanza yanakiliwe kwa wino katika kitabu cha pili, kikae mahali pengine. Pili, aulizwe kila mzee aliyebaki: ulibatizwa wapi, kwa maji ya mto gani, nani alikusimamia? Majibu yaandikwe, na vijana wafanye kazi hiyo, ili wasikie kwa masikio yao. Tatu, kila nyumba itazame uani na ghalani. Pengine kiko chombo kinachowanywesha kuku, ambacho siku moja kilishika maji ya ubatizo. Kikionekana kisafishwe, kiletwe kanisani, na watoto waambiwe kilikuwa nini.